Kwa wanaoanza kuongoza safari za kutazama nyangumi Húsavík

Unayekuja kuanza kazi ya uongozaji katika mashua za Húsavík, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Iceland ambako safari za kibiashara za kutazama nyangumi zilianza mwaka 1995, utapewa kwanza maelezo ya kukariri. Yakariri vizuri, kwa kuwa abiria wana haki ya kuelezwa habari za usalama na za wanyama, lakini usidhani kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kazi ni kuitazama bahari kwa muda wa saa tatu hivi na kusema unachokiona, si unachotamani kukiona.

Ikiwa umewahi kuwaona nyangumi wenye nundu karibu na Watamu au Mafia kati ya Julai na Oktoba, weka kando sehemu kubwa ya mazoea hayo. Wale hutoka bahari ya kusini ili kuzaa na kupandana katika maji ya joto, na wakiwa huko hula kidogo sana au hawali kabisa. Hawa wa ghuba ya Skjálfandi, ulipo mji wa Húsavík, ni kundi jingine, linalozaa katika maji ya joto ya Atlantiki na kupanda kaskazini wakati wa kiangazi kwa ajili ya kula, kwa hiyo swali la kila asubuhi ni chakula kiko wapi. Mto Skjálfandafljót, unaoanzia kwenye barafu ya Vatnajökull, humwaga virutubisho ndani ya ghuba. Virutubisho hivyo huvistawisha vijimea vya baharini, navyo huliwa na krili, viumbe wadogo kama kamba, ambao wao pamoja na samaki wadogo huwavuta nyangumi na ndege kwa pamoja. Ukiwaona buabua na shakwe wakijitupa majini mahali pamoja, mwambie nahodha hata kama hujaona pumzi yoyote, yaani mvuke ambao nyangumi huurusha juu anapopumua.

Pumzi nazo zina sura zake. Ya nyangumi mwenye nundu ni pana na hufika kama mita 3, ya nyangumi buluu, ambaye huonekana zaidi Juni na Julai, husimama wima na inaweza kufika mita 9, ilhali ya nyangumi minki mara nyingi haionekani na utauona mgongo na pezi tu. Hata hivyo, upepo huharibu sura hizo upesi, hivyo usitangaze jina la mnyama kwa pumzi moja. Taja upande kwa uso wa saa, omo, yaani mbele ya mashua, ikiwa namba 12 na tezi, yaani nyuma, namba 6 (hesabu namba zilizoandikwa, si saa za kwetu). Mwenye nundu akiinua mkia, amezama kwenda chini. Waambie abiria kwamba huenda akakaa dakika 5 hadi 10, la sivyo watadhani ameondoka.

Kusogea karibu ni uamuzi wa nahodha, ila lawama za abiria utazipokea wewe. Waeleze mapema kwamba mashua humkaribia nyangumi kutoka ubavuni kwa mwendo wa polepole, bila kumkatia njia wala kumtenga mama na mtoto wake. Pomboo wenye mdomo mweupe hawahitaji kufuatwa. Wakitaka huja wenyewe omoni, na kinachotakiwa ni mashua kutobadili mwendo ghafla.

Kuhusu baridi, usibishane na abiria gatini penye jua: mvalishe ovaroli nzito, kwani hata Julai maji huwa ya baridi kali na upepo wa ghubani hauna huruma. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kung'oa nanga, na anayetapika hupelekwa upande wa demani, yaani upande usiopigwa na upepo. Sababu yake utaielewa siku ya kwanza.

Utaulizwa pia, wakati mwingine kwa hasira, kuhusu uwindaji wa nyangumi, ambao Iceland iliurejesha kibiashara mwaka 2006. Jibu kwa miaka na majina ya spishi, utenganishe maoni yako na habari unazotoa, kisha urudishe macho baharini mara moja, kwa sababu mjadala wa dakika chache unatosha kwa nyangumi kuibuka upande ambao hakuna anayeutazama.