Asilimia za Asili Hazimtaji Baba

SWALI: Mimi na mdogo wangu wa kiume tunaishi Chamwino. Tulipima vinasaba kwa vifaa vya mate alivyotuletea shangazi kutoka Uingereza. Majibu yanaonyesha kwamba tunachangia asilimia 44 ya vinasaba, lakini asili zetu zinatofautiana: mimi nimeandikiwa sehemu kubwa zaidi ya Pembe ya Afrika kuliko yeye. Mtu tuliyemlipa atusomee majibu amesema baba zetu ni tofauti, na kikao cha mirathi ya shamba la zabibu kimevunjika. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na aliyewaambia hivyo amekula fedha zenu bure. Ndugu wa baba na mama mmoja huchangia wastani wa asilimia 50, na kwa kawaida huangukia kati ya takriban 38 na 61, ilhali waliochangia mzazi mmoja tu huwa karibu na 25. Asilimia 44 iko ndani kabisa ya kundi la kwanza.

Linalonichosha, kwa kuwa huletwa mezani kwangu kila mara, ni hili la kusoma asilimia za asili kana kwamba ni hati ya ubaba. Kila mtoto hupokea nusu ya vinasaba vya baba, lakini si nusu ileile aliyopokea nduguye. Chukua karata 52, mmoja achote 26 bila kuangalia, azirudishe, kisha wa pili achote 26 zake: zitakazofanana zitakuwa kama 13, na mmoja anaweza kubeba shupaza nyingi kuliko mwenzake ingawa karata ni zilezile. Zaidi ya hayo, asili hizo ni makadirio yanayotokana na kulinganisha mate yenu na watu waliomo katika hifadhidata ya kampuni, ambamo Wagogo, Warangi na Wasandawe ni wachache mno. Kampuni ikiongeza watu, asilimia zako hubadilika bila wewe kutema mate mengine. Baba hatafutwi humo.

Hata kiwango cha kuchangia kina mitego. Asilimia 25 inaweza kumaanisha ndugu wa mzazi mmoja, lakini pia babu na mjukuu wake, au mjomba na mpwa wake. Tena, baadhi ya kampuni huhesabu mara moja tu sehemu ambazo ndugu wanafanana kwa upande wa baba na wa mama kwa pamoja, hivyo ndugu kamili huonekana na asilimia 37 hivi. Hawa wanaosoma majibu kwa picha mlizowatumia kwa simu, wanaolipwa kabla hata ya kuuliza ni kampuni gani iliyopima, hulinganisha namba za mifumo miwili na kutangaza mama wa watu kuwa mzinzi.

Nanyi mnaoketi kwenye vikao vya mirathi, msiyapokee makaratasi haya, yawe yanampendelea nani. Kifaa cha nyumbani hakithibitishi mate yaliyomo ni ya nani. Nchini kwetu upimaji wa aina hii unasimamiwa na sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na maombi hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii, kisha sampuli huchukuliwa mbele ya mtumishi anayehakiki utambulisho wa kila mmoja. Mwenye shaka ya kweli juu ya shamba lenu aanzie kwa ofisa huyo.