Kabla hujaipa kolabo alama, jua nani anamngojea nani

Mwaka jana niliandika uhakiki ambao hadi leo nikiukumbuka uso unanishuka. Ulihusu albamu ya kolabo: vijana wa kompyuta na sintesaiza upande mmoja, jathum (mwanamuziki wa Kiluo) wa Siaya na nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Waluo, upande wa pili. Jina la albamu sitalitaja, wenyewe nimeshawaomba radhi.

Kosa la kwanza lilikuwa la kijinga. Niliisikiliza kwenye matatu kutoka Kondele, kwa spika ya simu, kisha nikaandika kwamba muziki ni mwembamba. Spika ya simu haina besi, na nusu ya muziki wa namna hii inakaa huko chini. Tafuta hedifoni, hata zile za kupangwa chini pale sokoni Kibuye.

La pili, nilianza kwa kusoma alama za wengine. Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, hutoa alama zenye nukta, na tovuti ya Metacritic hukusanya alama za wahakiki ikatoa wastani kati ya 0 na 100. Sasa albamu ya majaribio watano wameipenda kufa na watano hawaitaki hata kuisikia. Ukiwachanganya unapata "si mbaya", maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyasema. Sikiliza kwanza, wakosoaji utawakuta tu.

Lakini aliyenifungua masikio ni mjomba. Alikuja Kisumu kwa ajili ya kliniki, akalala kwangu Nyalenda. Ujanani alipiga nyatiti matangani, usiku kucha. Nikamvisha hedifoni. Akavua kiatu kimoja, kidole gumba cha mguu kikaanza kugonga mguu wa meza. Nyatiti ina nyuzi nane, ila mpigaji huvaa pia pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, anayoigongesha kwenye mbao ya nyatiti, na njuga za gara mguuni. Mtu mmoja, bendi nzima.

Wimbo wa tatu, kidole kikasimama.

"Mwanangu, huyu amefungwa."

"Nani, mjomba?"

"Mwenye nyatiti. Anaingojea mashine."

Wimbo wa sita kidole kikarudi, na mzee akacheka peke yake. "Hapa mashine ndiyo inayomngojea."

Mimi huo wa tatu ndio niliousifu kwa "mchanganyiko safi", na wa sita nikasema umepotea njia! Biti ya kompyuta usipoigusa huhesabu sawasawa kama saa ya ukutani. Jathum huvuta, huachia, na nyuzi huzikaza kufuata sauti yake mwenyewe. Lazima mmoja ampishe mwenzake. Kwa hiyo ukikaa kuhakiki, ifuate ile pete ya kidole cha mguu. Ikipotea au ikinyooka mno, andika hivyo.

Na wimbo ukikatizwa katikati mtu akaanza kujisifu, usiseme ni hitilafu ya uhariri kama nilivyosema mimi (aibu hiyo!). Hiyo ni pakruok. Kwenye sherehe, mtu hutoa pesa muziki usimame ajisifu au amsifu rafiki yake.

Ukitaka kujizoeza, chukua Owiny Sigoma Band, wanamuziki wa London pamoja na Joseph Nyamungu, mpiga nyatiti. Albamu yao ya kwanza ilitoka 2011, na *Nyanza* ikatoka 2015. Zisikilize siku moja, mfululizo, ukijiuliza swali la mjomba kwa kila wimbo. Majibu yako na yangu yanaweza kutofautiana, mradi uyatoe masikioni mwako.

Uhakiki wangu niliuandika upya. Mjomba alikuwa anafunga kamba za kiatu aende stendi aliponiuliza, "Huyo mwenye nyatiti, jina lake limeandikwa wapi?" Nikatafuta kwenye maelezo ya albamu. Nililikuta chini kabisa, baada ya la mpiga picha.