Pointi nyingi AHL, je fowadi atafika NHL?

SWALI: Habari za kazi. Mi nafuatilia hoki ya barafu, hasa AHL, ile ligi ya Marekani na Kanada iliyo chini ya NHL, ligi kuu yenyewe. Timu yangu ina mafowadi wawili, mmoja ana miaka 20, yuko laini ya tatu (kundi la tatu la mafowadi wanaoingia kwa zamu) na pointi zake, yaani magoli na pasi za magoli, ni za kawaida tu, mwingine ana 27 na ndo anaongoza timu nzima kwa pointi. Wenzangu wanasema wa kupandishwa ni huyo mkubwa, ila mi naona dogo. Nawapimaje? Na yule winga wetu wa miaka 24 ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti, pale timu za NHL zinapochagua vijana wapya, ndo basi tena?
– Shabiki wa laini ya tatu

JIBU: Ndugu yangu, hapo uko sahihi kabisa, anza na umri ndo uje kwenye pointi. Kijana wa miaka 20 anacheza na watu wazima waliokomaa mwili, akiweza tu kushindana nao kila mechi hiyo tayari ni dalili kubwa, wakati wa 27 hiyo ligi ameshaizoea, anajua kila kona. Msimu wa 2009–10 Keith Aucoin alipata pointi 106 akiwa Hershey Bears ya AHL, akabeba na tuzo ya mchezaji bora wa ligi, lakini ukijumlisha mechi zake zote za NHL hazitimii hata misimu miwili kamili. Alikuwa mchezaji mzuri sana, sema pointi za kule chini hazikumpa namba ya kudumu juu.

Alafu uliza hizo pointi zinatoka wapi. Kama nyingi anazipata pale mpinzani ana mtu nje kwa adhabu, ujue akipanda hiyo nafasi hapewi, ina wenyewe, yeye ataanzia laini ya tatu au ya nne, dakika chache, kazi yake kukaba na kubana. Kwa hiyo mwangalie dogo wako akiwa hana paki, kile kisahani wanachogombania: timu ikiipoteza anarudi mbio nzima au anateleza kivivu akisubiri? Paki ikiwa pembeni kwenye ubao unaozunguka uwanja, beki anamjia mgongoni, anaitoa au anaikimbia? Makocha wanaangalia sana hilo, na kwenye takwimu hulioni.

Veterani naye yupo kwa sababu. Kanuni za AHL zinataka kati ya wachezaji 18 wa uwanjani, makipa hawahesabiwi, angalau 13 wawe bado kwenye ngazi ya kukuzwa, kwa hiyo zile nafasi chache za wakongwe wanapewa wa kushinda mechi na kuwalea madogo, kwa hiyo kuongoza kwa pointi peke yake hakumaanishi ndo anafuata kupanda.

Huyo wa miaka 24 usimkatie tamaa hata kidogo. Yanni Gourde hakuchaguliwa drafti, akasota Syracuse Crunch ya AHL, msimu wake wa kwanza kamili Tampa Bay ya NHL ulikuwa 2017–18 na akafunga magoli 25, baadae akabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, 2020 na 2021. Gourde hachoki kukimbiza paki, laini yoyote ukimweka anafanya kazi. Winga wako naye mtazame hivo hivo, hasa zile mechi ambazo hajafunga.