Saa ya mfukoni ya wavumbuzi wa nchi za mbali: usiitie ufunguo kwanza

Ndugu, umeuliza kama saa hii ya fedha ya marehemu babu, yenye kifuniko cha skrubu juu ya kitufe cha kutilia ufunguo, ni ya safari za uvumbuzi, na kama uitie ufunguo kuijaribu.

Usiijaribu. Mafuta ya zamani huganda yakawa gundi. Ukiilazimisha kwenda, ncha za ekseli husagika, na hapo ukarabati huwa ghali kweli.

Kasha la skrubu lilikusudiwa kuzuia vumbi na unyevu. Msafiri alitafuta longitudo (yuko umbali gani mashariki au magharibi) kwa saa, na sekunde 4 tu za makosa humpoteza karibu kilomita 1.85 kwenye ikweta. Lakini kasha peke yake halithibitishi kitu. Saa za namna hiyo ziliuzwa pia madukani kwa yeyote mwenye pesa.

Vaa glavu za mpira, kandamiza kifuniko cha nyuma kwa kiganja, zungusha kinyume cha mshale wa saa. Koleo marufuku! Kikigoma, mpelekee fundi. Usitumie mafuta ya kulegeza kutu, hupenya hadi kwenye mashine. Ndani tafuta mihuri: simba anayetembea ni fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi), nanga ni mji wa Birmingham, Uingereza, ilikopimwa fedha hiyo, herufi ni mwaka. Usiing'arishe, mihuri itafutika.

Tarakimu zikiwa na rangi nene ya kahawia, huenda ni radiamu, madini yenye mionzi yaliyotiwa ili tarakimu zing'ae gizani. Haing'ai tena gizani, ila mionzi ipo. Usiikwangue, na kioo kisivuliwe nyumbani.