Homoni ziko sawa, je, uvimbe wa shingo si saratani?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52, tunakaa Kasese. Ana uvimbe upande mmoja wa shingo, unaendelea kukua. Alipimwa damu, homoni za thairoidi ziko sawa, tukaambiwa hana saratani. Jirani anatushauri dawa ya kuchua. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Karatasi ya majibu kama hiyo huletwa kwangu mara kwa mara, na kila nikiiona nakasirika. TSH, kipimo cha damu cha thairoidi, huonyesha tezi hiyo ya shingoni inavyofanya kazi. Uvimbe ni wa aina gani, haisemi. Wagonjwa wengi wa saratani ya thairoidi wana homoni za kawaida kabisa. Aliyewatuliza kwa kipimo hicho amewapotezea muda.

Mama apigwe altrasaundi ya shingo. Ikitia shaka, chembe za uvimbe zifyonzwe kwa sindano nyembamba, zisomwe kwa darubini. Maneno kwamba sindano "huamsha" saratani yasiwazuie.

Saratani ya thairoidi ina aina kadhaa. Papilari ndiyo inayoongoza, karibu wagonjwa 8 kati ya 10. Sindano huitambua vizuri, na ikiwahiwa hutibika. Folikula ni ngumu zaidi: chini ya darubini chembe zake hufanana na za uvimbe usio na madhara. Hapo sindano haitoshi. Upande wenye uvimbe hukatwa, kisha mtaalamu wa patholojia, yaani msomaji wa nyama kwa darubini, huangalia kama chembe zimepenya ganda la uvimbe au mishipa ya damu. Medula hupimwa pia kwa kalsitonini, homoni iliyo kwenye damu, na kwa kuwa huweza kurithiwa, ndugu nao huchunguzwa. Anaplastiki ni nadra, lakini uvimbe huongezeka kwa wiki chache tu. Sauti ikikwaruza au pumzi ikibana, msingoje miadi.

Hiyo dawa ya kuchua iacheni. Uvimbe wenye maji huweza kunywea wenyewe, na muuza dawa akajitwalia sifa. Mwenye saratani anayemwamini hufika kwetu mifupa au mapafu yameshaguswa. Nimechoka kuona shingo zilizochanjwa wembe na kupakwa majivu, na chini yake uvimbe umeshika koo.

Hata hospitalini kuna njia za mkato: rovu, yaani uvimbe wa thairoidi, linakatwa, nyama inatupwa, mgonjwa anaambiwa amepona. Popote mtakapopasuliwa, Fort Portal, Mbarara au Mulago, nyama yote iwekwe kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi isioze, iende maabara ya patholojia. Kabla mama hajatia saini fomu ya upasuaji, ulizeni nani ataipeleka na majibu yatatoka lini.