Kwa mnaoanza utafiti wa glia na sonona: someni kabla hamjagusa data

Kwanza achaneni na ile habari ya kwamba glia (seli saidizi za ubongo) ni mara 10 ya nyuroni (seli zinazopeleka ishara), bado iko kwenye slaidi nyingi za darasani ila hesabu ya 2009 ilikuta ubongo wa mtu una nyuroni kama bilioni 86 na seli zisizo nyuroni, glia zikiwemo, karibu idadi hiyohiyo.

Pili, ukisema "glia" tu hujasema kitu. Astrosaiti zinafyonza glutamati (kemikali ya kupeleka ishara) iliyomwagika kwenye sinapsi (maungio ya nyuroni), oligodendrosaiti zinazungushia nyuzi za nyuroni mayelini (utando wa mafuta) ili ishara zifike haraka na kwa wakati, mikroglia ni za kinga lakini pia zinakula sinapsi zisizohitajika. Kwahiyo kila moja ikiyumba inavuruga mawasiliano ya ubongo kivyake, muwe mnataja ni ipi.

Sasa hapa ndo wengi wanateleza. Tangu 1998 tafiti za ubongo wa marehemu waliokuwa na sonona zimekuta glia chache kwenye baadhi ya sehemu za gamba la mbele la ubongo, basi mtu akipima GFAP, ile alama ya astrosaiti, akaona imeshuka anakimbilia kuandika astrosaiti zimekufa. Hapana jamani! GFAP ni protini tu ya ndani ya seli, seli inaweza kuwa hai kabisa ila inaitengeneza kidogo, na astrosaiti nyingi za kwenye gamba hata ubongo ukiwa mzima hazina GFAP ya kuonekana vizuri. Ongezeni alama nyingine ya astrosaiti kama ALDH1L1, hesabuni seli zenyewe, na muulize marehemu alikuwa na umri gani, alitumia dawa gani, ubongo ulikaa muda gani kabla ya kuhifadhiwa. Huyo ni mtu aliyeumwa na familia ikakubali kuutoa ubongo wake, tusimsemee asichosema.

MRI (picha za ubongo kwa sumaku) nayo ni vilevile, aina yake iitwayo DTI inapima maji yanavyosambaa kwenye tishu, mayelini yenyewe haiioni, ikibadilika inaweza kuwa mayelini au nyuzi zimepangika tofauti au vyote.

Mkitaka ushahidi wa chanzo na matokeo anzeni na jaribio la 2008, panya waliouliwa astrosaiti za gamba la mbele kwa sumu walionyesha tabia zinazofanana na sonona, wale walioharibiwa nyuroni sehemu ileile hawakuonyesha. Mimi hilo naliheshimu sana, ila kwenye ripoti andikeni "tabia zinazofanana na sonona", msiandike panya alikuwa na sonona.