Sindano ya PRP kwa kano ya kisigino: nilichomwa, na haya ndiyo niliyoyaona

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili maana ni kama umeandika habari zangu. Kisigino kinauma kwa nyuma miezi minane sasa, umemeza dawa za maumivu mpaka tumbo limekataa, na kliniki imekupa njia mbili: sindano tatu za damu yako mwenyewe, ile wanayoita PRP, au kisu. Unataka kujua kama utoe hizo hela. Nakueleza nilivyopita mimi, kisha uamue.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi na nakimbia. Nilikuwa najiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro, na kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka ndicho kilichonimaliza, kwa sababu niliongeza kilomita haraka kuliko mguu ulivyoweza kubeba. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua za kwanza mpaka chooni nilikuwa natembea nimeshika ukuta. Mwili ukishapata joto maumivu yanapungua, nadanganyika nakimbia, jioni yanarudi mara mbili. Nikiibana kano, ile kamba nene inayounganisha msuli wa nyuma ya mguu na kisigino, kwa vidole viwili, juu kidogo ya kisigino, nasikia uvimbe mgumu kama fundo kwenye kamba.

Siku ya sindano nilitolewa damu mkononi kama maabara, ila nyingi zaidi. Wakaiweka kwenye mashine inayozungusha kwa kasi. Baadaye daktari akaniinulia tyubu dirishani nione: chini damu nyekundu nzito, juu maji ya manjano kama mafuta ya alizeti, katikati utando mwembamba mweupe. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata, ndizo zinazotafutwa hapo, kwa sababu zimebeba protini zinazoamsha seli za kutengeneza palipoharibika. Kano ya kisigino inapata damu kidogo, inapona taratibu mno, kwa hiyo wazo ni kuipelekea kwa sindano kile ambacho mishipa haifikishi vya kutosha. Ni wazo lenye mantiki. Hata leo siwezi kumwita daktari yule tapeli. Alitumia altrasaundi kuona sindano inapoingia, alifanya kazi safi, na alinionya nisiguse diklofenaki wala ibuprofen kwa wiki kadhaa, maana PRP inategemea ule uvimbe wa kupona ambao dawa hizo zinauzima.

Iliniuma siku nne, kuliko ugonjwa wenyewe. Nikapumzika, nikasubiri. Mwezi wa kwanza nikajiambia bado inafanya kazi. Mwezi wa tatu nilikuwa bado nashika ukuta asubuhi.

Ndipo nilipoenda kwa dada mmoja wa fiziotherapia. Hakunipima kwa mashine yoyote. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja unaouma, niinue kisigino na kushusha mara nyingi niwezavyo. Mguu mzima nilifika 25. Unaoumwa nilikwama kwenye 8, unatetemeka. Akaniuliza, "Mwalimu, baada ya sindano walikupa mazoezi?" Walinipa. Karatasi moja, imekunjwa, iko droo ya nyumbani chini ya risiti ya sindano iliyonila zaidi ya mshahara wa mwezi. Sikuwahi kuifungua, kwa sababu akilini mwangu nilishalipia kupona.

Mazoezi yenyewe yana historia. Mwaka 1998 daktari wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, ambaye mwenyewe aliwahi kuumwa kano hiyo, alichapisha matokeo ya wakimbiaji wa kawaida 15 walioumwa muda mrefu. Wanasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, wanapanda kwa mguu mzima, wanashuka taratibu kwa mguu mbovu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mizunguko 3 ya mara 15 goti limenyooka, mingine 3 goti limekunjwa, asubuhi na jioni, siku zote, wiki 12. Hesabu yake ni mara 180 kwa siku. Wote 15 walirudi kukimbia.

Ngazi yangu ilikuwa ile ya mwisho ya baraza, tofali limelika ukingoni. Wiki mbili za kwanza niliumia mpaka nikampigia yule dada nikidhani nimeichana. Akaniambia maumivu yanayovumilika wakati wa zoezi hayana shida, mradi kesho asubuhi hali isiwe mbaya kuliko leo. Kipimo hicho cha asubuhi kilinisaidia kuliko kitu chochote nilichonunua. Ilipoacha kuuma, nikaanza kubeba begi la mgongoni na pakiti mbili za sembe za kilo mbili mbili, baadaye nne, nikamaliza na saba. Wiki ya saba niliamka nikaenda chooni, na nilipokuwa napiga mswaki ndipo nikatambua sikushika ukuta. Wiki ya kumi na mbili nilikuwa najogi dakika ishirini barabara ya tambarare.

Sasa utaniuliza, hujui kama ni sindano iliyochelewa kufanya kazi? Nilijiuliza hivyo hivyo, nikaenda kusoma. Mwaka 2010 Waholanzi waliwagawa wagonjwa 54 wa kano hii makundi mawili. Nusu walichomwa PRP, nusu maji ya chumvi, na wote wakapewa mazoezi haya ya kushusha kisigino. Baada ya wiki 24 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na hakukuwa na tofauti kati yao. Mwaka 2021 Uingereza wakarudia na watu 240, wengine wakachomwa sindano ya bandia isiyo na kitu. Miezi sita baadaye, hali ilikuwa ile ile kwa wote. Mwaka huo huo Australia waliipima kwa watu 288 wenye goti lililosagika, sindano tatu za PRP dhidi ya maji ya chumvi. Mwaka ulipoisha, maumivu na ukubwa wa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye goti, havikutofautiana. Kwa goti na kiwiko zipo tafiti nyingine ndogo zinazoisifu, kwa hiyo sisemi ni bure kila mahali. Ila kwa kano ya kisigino, mkuu, nakuomba usitoe hela ya ada za watoto kwa ajili yake.

Kuhusu sindano za seli shina (stem cells), zile seli changa zinazodaiwa kugeuka kuwa nyama mpya, maana umesema wamekugusia pia: hapo naomba ukatae kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa hata moja ya seli shina kwa maumivu ya viungo au kano, na huko kwao watu wamelazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu cha watoto wachanga. PRP ikishindwa unapoteza pesa. Hii unaweza kupoteza zaidi ya pesa.

Steroidi, ile dawa kali ya kutuliza uvimbe, nayo usikubali ichomwe ndani ya kano hiyo, inaweza kuidhoofisha mpaka ikatike. Dada yangu fundi cherehani alichomwa steroidi ya kiwiko, akashona mwezi mzima kwa furaha, kisha maumivu yakarudi kwa nguvu. Yaliyompata yanajulikana: kwa kiwiko, waliochomwa hupata nafuu ya haraka, na baada ya mwaka wako nyuma ya wasiochomwa.

Jambo moja wengi hawalijui na linaniumiza moyo. Je, kabla ya maumivu kuanza ulimeza Ciprofloxacin? Hapa kwetu mtu akiharisha au akihisi UTI anaingia duka la dawa anajinunulia. Kundi la antibaiotiki ambamo Ciprofloxacin imo linaweza kuharibu kano, hasa ya kisigino, na tangu 2008 FDA imelazimisha onyo hilo liandikwe ndani ya kisanduku kwenye maelezo ya dawa. Hatari inazidi kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi. Kama ulimeza, mwambie daktari kabla ya kuanza mazoezi. Na kama siku yoyote ulisikia mlio kama umepigwa jiwe nyuma ya mguu, ukashindwa kusimama kwa vidole, usisubiri ushauri wa mtu hapa, nenda hospitali leo, kano inaweza kuwa imekatika.

Kama huwezi zoezi la kila siku, Wadenmark mwaka 2015 walionyesha kuwa mazoezi mazito ya taratibu, mara 3 kwa wiki, yanafika pale pale. Ukiwa na hela ya kutumia, lipia fiziotherapia akufuatilie hizo wiki 12, au ile mashine ya mawimbi ya mshtuko pamoja na mazoezi, maana kuna utafiti wa Ujerumani ambao viwili hivyo pamoja vilizidi mazoezi peke yake.

Kabla hujapanda ngazi, nijibu kitu kimoja. Bonyeza: panapouma ni pale pale kano inaposhika mfupa, au ni juu yake kwa upana wa vidole viwili hivi? Mimi ilikuwa juu. Kama yako iko kwenye mfupa, zoezi unafanyia sakafuni, kisigino kisipite chini, maana kukishusha ngazini kunaikandamiza pale pale panapouma. Niandikie, nikueleze uanze na ngapi.